Nilibonyeza Kuni

Agosti 2019 nilikuwa karani wa sensa. Nilikuwa nimemaliza chuo, kazi hakuna, na chifu alipotangaza kwamba wanatafuta vijana wa kuhesabu watu, sikungoja kuambiwa mara mbili. Nikapewa kishikwambi, reflekta, na orodha ya maboma ya kijiji nilichokulia, upande wa Bungoma. Boma la tano lilikuwa la Kukhu, mama mzazi wa baba yangu.

Nilimkuta jikoni. Nikaketi kwenye kigoda kilekile nilichokalia nikiwa mtoto, nikaanza maswali. Majina, umri, nani alilala hapa usiku wa tarehe 24. Redio iko? Iko. Ng'ombe? Mmoja. Tukafika kwenye swali la jiko.

"Kukhu, hapa mnapikia nini sanasana?"

"Unaniuliza kama hujui? Si hapa ndipo ulikula mpaka ukaenda chuo?"

"Najua, Kukhu, lakini lazima niulize. Ni serikali inauliza."

"Haya, ambia serikali ni mabua."

Nikatazama skrini. Stima. Mafuta taa. Gesi. Kuni. Makaa. Nikapanda na kidole, nikashuka. Mabua sikuyaona. Kulikuwa na maboma mengine yakinisubiri, na msimamizi alikuwa ameshapiga simu mara mbili kuuliza mbona niko nyuma.

"Kukhu, nitaandika kuni."

"Kuni niko nazo wapi, baba?" Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akashika magoti mpaka kikapita. "Haya, andika hizo kuni. Labda serikali ikiona zimeandikwa itazileta."

Nikabonyeza kuni.

Matokeo yalipotoka niliyatafuta kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya waliofaulu. Kaya zinazopikia kuni Kenya: asilimia 55.1. Gesi 23.9. Makaa 11.6. Mafuta taa 7.8. Mabua hayana safu. Kukhu yumo ndani ya ile 55.1, amehesabiwa vizuri kabisa, na kuni hakuwa nazo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma historia ya jibu lake. Nilidhani ni historia ya umaskini tu, mstari mmoja, umeisha. Kumbe ndani yake kuna reli, kuna mbegu, kuna mambo ya mume na mke, na kuna vitoto viwili ambavyo majina yao nilijua lakini sikuwahi kuuliza walienda wapi.

*

Kama umekulia mjini, huenda bua unalijua kama kitu cha kupigia picha shambani. Kwa hivyo tuanze na jinsi linavyowaka.

Mahindi yakishavunwa, kinachobaki ni bua, majani makavu, na baada ya kupukuchua, gunzi. Kwa kila kilo ya punje unabaki na kilo moja au zaidi ya mabua. Si mali ya bure kama inavyoonekana. Ng'ombe anayataka. Udongo unayataka, maana yakioza yanarudisha nguvu. Ua linayataka. Na jiko linayataka. Magunzi ndiyo bora, yana moto wa maana kidogo, kwa hivyo yanaisha kwanza. Maganda ya maharagwe yanafuata. Mwisho unabaki na bua lenyewe, ambalo ndani ni kama sponji.

Ukipika kwa gogo la mti unaweza kuliwasha, ukaenda kuchota maji, ukarudi ukakuta moto bado. Bua halikupi ruhusa hiyo. Linawaka kwa fujo, dakika moja jikoni kote ni mwanga, halafu limeisha. Unasukuma lingine. Na lingine. Anayepikia mabua haachi mafiga matatu. Amekaa hapo, uso kwenye moto, mkono mmoja kwenye mwiko na mwingine kwenye mabua. Ndiyo maana kwa Kukhu githeri ilikuwa chakula cha siku maalum. Si kwamba maharagwe yalikosekana. Saa tatu za kuchemsha maharagwe ni mzigo mzima wa mabua na mwanamke mmoja asiyeinuka.

Moshi wenyewe, ukiuelewa, ni chakula cha moto ambacho moto haukuwahi kula. Kila fungu jipya la mabua linapoingia, linapoza moto kwanza. Gesi zinatoka kabla hazijapata joto la kutosha kuungua, zinapanda zikiwa nusunusu: kaboni monoksidi, na chembe laini ambazo wanasayansi wanaziita PM2.5, yaani ndogo kuliko mikromita 2.5. Weka chembe kama 30 za ukubwa huo kwenye mstari ndipo upate upana wa unywele. Puani hazizuiliki, zinashuka mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu. Na mabua ya Agosti, wakati mvua ya kwetu bado inanyesha, hayakauki vizuri. Yanatoa moshi mweupe, mzito, unaolala chini ya paa kama blanketi.

Sitasema moshi ulikuwa adui tu, maana Kukhu angenicheka. Mahindi ya mbegu yalining'inia juu ya moto, meusi kwa masizi, na fukusi hawakuyagusa. Nyasi za paa zilidumu kwa sababu ya moshi. Jivu la maganda ya maharagwe tulilichuja kwa maji tukapata munyu wa kulainishia mboga za kienyeji, na mpaka leo mrenda wa mjini haujawahi kunishika kama ule. Moshi ulikuwa na kazi nyumbani. Shida ni kwamba hakuna aliyeandika ulikuwa unalipwa nini.

*

Bua la mahindi, mahali kama kwetu, ni mgeni wa juzi. Mahindi yalitoka Amerika, yakafika pwani ya Afrika Mashariki na Wareno karne ya 16, lakini huku bara magharibi nafaka za watu zilikuwa wimbi na mtama. Ni karne ya 20 ndiyo iliyoleta mahindi meupe kwa nguvu: mashamba ya walowezi Trans Nzoia na Uasin Gishu, mbegu zilizogawanywa na utawala wa kikoloni, na soko lililotaka unga wa kulisha wafanyakazi.

Na ilileta reli. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901. Tawi la kuelekea nyanda za mahindi likafika Eldoret 1924 na Kitale 1926. Tunapofundishwa hii historia shuleni tunaambiwa kuhusu simba wa Tsavo. Hatuambiwi injini zilikula nini. Zilikula kuni. Mikaratusi, hii miti mirefu unayoiona kila mahali ukisafiri kwenda magharibi, ililetwa Kenya mwaka 1902 ili reli isikose kuni. Serikali ya kikoloni ilijua kwamba treni haiwezi kwenda kwa mabua. Ikaipandia treni miti.

Watu hawakupandiwa. Kufikia miaka ya 1930 misitu mikubwa ilikuwa ikitangazwa hifadhi mmoja baada ya mwingine. Kakamega ni 1933. Msitu uliokuwa wa kuokota kuni ukawa msitu wa kuombea ruhusa.

Halafu uhuru ukaja na mbegu yake. Mwaka 1964 kituo cha utafiti cha Kitale kilitoa Hybrid 611, mbegu chotara ya kwanza ya nyanda za juu, na familia yake yote iliyofuata ikajulikana kwa jambo moja ambalo mkulima yeyote wa kwetu atakuambia: ni ndefu. Ni mahindi ya kupita kichwa cha mtu mzima. Mavuno yaliongezeka, na nyuma ya mavuno, mlima wa mabua.

Wakati huohuo miti ilipata wateja wapya. Kuanzia miaka ya 1970 wakulima wengi wa Bungoma waliingia kwenye tumbaku ya mkataba, na tumbaku hukaushwa kwa moto wa kuni. Watengeneza matofali wakataka kuni. Mafundi wa nyumba wakataka nguzo. Mti uliosimama ukawa pesa iliyosimama.

Nikiyaweka haya pamoja naona kama hesabu ya darasa la pili. Miti inapanda bei, mabua yanaongezeka, na bado watu wanataka kula jioni. Lakini hesabu hiyo ina shimo. Kwetu miti ilikuwapo. Nyuma ya nyumba ya Kukhu kulikuwa na mistari mitatu ya mikaratusi. Alikuwa akiiona kila akitoka jikoni kupumua.

*

Jibu la shimo hilo nililipata kwenye kazi ya miaka ya 1980. Kulikuwa na mradi wa kuni Kakamega, uliofanywa pamoja na taasisi ya Beijer ya Sweden, na mmoja wa watafiti wake alikuwa Mkenya, Noel Chavangi. Wapangaji wa wakati huo waliamini kwamba kuni zimekosekana kwa sababu miti imeisha. Walipofika mashambani wakakuta miti tele. Mashamba ya Kakamega yalikuwa yamejaa miti, na wanawake wa mashamba hayohayo walikuwa hawana kuni.

Chavangi na wenzake waliuliza kwa nini, na jibu halikuwa la msitu. Lilikuwa la nyumba. Mti ni wa mwanamume. Kupanda mti ni kusema ardhi ni yangu, na mke hawezi kusema hivyo. Kulikuwa na mwiko kabisa: mwanamke akipanda mti atakuwa tasa, au mume wake atakufa. Kuni ni kazi ya mwanamke, lakini mti sio wake kukata. Mwanamume alikuwa akiuweka mti kwa ajili ya nguzo, karo, au mahari, si kwa ajili ya sufuria.

Mradi ukatafuta njia ya kuzunguka. Badala ya kupigana na mwiko, walileta vichaka vinavyokua haraka, kama kaliandra na sesbania, ambavyo kwa macho ya kijiji havikuwa miti. Havikuwa na mwiko. Mwanamke angeweza kuvipanda na kuvikata bila kuuliza mtu.

Nilimsomea Kukhu sehemu hiyo kwa simu. Alinyamaza kidogo kisha akasema, "Hiyo yote si ungeniuliza tu mimi? Babu yako aliuza ile miti ya mwisho tukiwa tunapika uji na majani ya ndizi."

Hapo ndipo nilipoelewa mabua ni nini. Nilikuwa nimefikiria ni moto wa mahali pasipo na miti, kumbe ni moto wa mtu asiye na usemi juu ya mti. Mahindi yakiwa gunia ni ya mwenye shamba. Yakishavuliwa punje, yakabaki bua, hakuna anayegombania. Hapo ndipo yanakuwa yake.

*

Dunia iligundua jiko la mwanamke maskini kwa kuchelewa, na ilikuja kuligundulia hapa kwetu. Mafuta yalipopanda bei miaka ya 1970, wataalamu walianza kusema kuna shida nyingine ya nishati, ile ya kuni. Mwaka 1977 Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement, na hata alipopokea Nobel kule Oslo mwaka 2004 alikumbusha kwamba kazi ile ilianza na mahitaji ya wanawake wa mashambani, kuni zikiwa mojawapo. Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ukafanya mkutano mkubwa wa nishati mpya na jadidifu, Nairobi.

Baada ya hapo likazaliwa jiko unalolijua: lile la bati lenye udongo ndani, lililobanwa kiunoni. Lilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuiga wazo kutoka Thailand na kulichanganya na jiko la bati la mafundi wetu, na likaenea kwa sababu fundi wa Gikomba au Shauri Moyo angeweza kulitengeneza na kuliuza. Ni moja ya hadithi nzuri za ufundi wa nchi hii. Lakini ni jiko la makaa. Makaa yananunuliwa, jiko linauzwa, fundi anapata, anayepika anaokoa. Kila mtu kwenye mnyororo ana sababu ya kutabasamu.

Jiko la mashambani lilikuja pia, la udongo, la kujengewa ndani ya jiko lenyewe. Lilianza kwa jina la Maendeleo, na huku magharibi likajulikana kama Upesi, likifinyangwa na vikundi vya wanawake. Lilikuwa la kuni, ila lilikubali mabua na magunzi. Kukhu alikuwa nalo moja miaka ya tisini. Lilipasuka, na aliyekuwa akiyaleta hakurudi. Anayepikia kitu asichokinunua hana pesa anayookoa, na ni vigumu kumuuzia mtu kitu cha kuokoa pesa ambayo hatumii. Kinachookoka ni mapafu na muda wake, na hivyo viwili havijawahi kuwekewa bei.

*

Sasa hao watoto wawili.

Kabla ya baba yangu, Kukhu alizaa mvulana. Baada yake, msichana. Wote wawili hawakufika miaka miwili. Nyumbani hadithi yao ni sentensi moja: walishikwa na kifua. Mtu akisema hivyo, wengine wanatazama chini, na mazungumzo yanahamia kwingine.

Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni nilipokutana na utafiti wa Mpala, Laikipia. Majid Ezzati na Daniel Kammen walifuatilia kaya 55 kwa zaidi ya miaka miwili, wakipima moshi ndani ya nyumba na kuandika nani aliugua kifua na lini. Waliuchapisha kwenye jarida la Lancet mwaka 2001. Huko walipikia kuni na makaa, si mabua, lakini matokeo yalikuwa wazi: kadiri mtu anavyovuta moshi zaidi, ndivyo maambukizi makali ya kifua yanavyoongezeka. Na waliona jambo ambalo vipimo vya wastani vilikuwa vikilificha. Moshi wa jikoni haukai sawa siku nzima. Unapanda ghafla kuni zinapoongezwa, na hapo ndipo mpishi yuko karibu zaidi. Ukipima katikati ya chumba ukagawanya kwa saa 24, unampunguzia mwanamke moshi wake.

Fikiria sasa mtu ambaye kuni zake zinaongezwa kila dakika.

Kabla ya Mpala kulikuwa na Maragua, Murang'a, ambako watafiti walipima jikoni za kijiji na kuchapisha matokeo mwaka 1989. Wastani wa chembe laini kwa saa 24 ulipita mikrogramu 1,000 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linasema PM2.5 zisipite 15 kwa siku. Vipimo viwili hivi havikuchukuliwa kwa namna moja, lakini hata ukipunguza kwa nusu, na nusu tena, bado hakuna pa kuficha uso. Shirika hilohilo linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, zaidi ya 237,000 wakiwa watoto chini ya miaka mitano.

Siwezi kusema moshi ndio uliowachukua baba mkubwa na shangazi yangu. Nimonia ina milango mingi. Najua tu kwamba walilala mgongoni mwa mama yao, wamefungwa na leso, vichwa vikiwa begani kwake, naye ameinamia mabua. Najua pia kwamba miaka hamsini alijilaumu kwa baridi. Aliamini hakuwafunika vizuri.

Mwaka 2021 kikohozi chake kilipokataa kuisha, tulimpeleka hospitali mjini. Daktari alikuwa kijana, mpole, foleni ndefu mlangoni.

"Mama amewahi kuvuta sigara?"

"Hapana."

"Mzee wake alikuwa anavuta?"

"Hapana."

Akaandika. Alimpima, akasema ni ugonjwa sugu wa njia za hewa, akatupa dawa ya kupuliza. Hakuuliza anapikia nini, na mimi niliyekuwa nimesoma yote hayo nilikaa pale na faili mkononi nisiseme. Ilikuwa mara ya pili nimemwandikisha vibaya.

*

Kuna wakati mabaki ya shamba yanahesabiwa nchini hii. Mwaka 2008 kiwanda cha sukari cha Mumias, si mbali na kwetu, kilisajili mradi wa umeme wa megawati 35 chini ya mpango wa kaboni wa Umoja wa Mataifa. Kilichokuwa kikichomwa ni makapi ya miwa, yaani kinachobaki muwa ukishakamuliwa. Kufikia 2009 megawati 26 zilikuwa zinaweza kuingia kwenye gridi ya taifa. Makapi yale yalipimwa kwa tani, moto kwa megawati, na moshi ambao haukutoka ukauzwa kama karatasi ng'ambo. Mwaka 2019 kiwanda kikaishia mikononi mwa mrasimu, lakini hesabu zake zipo. Yeyote anaweza kuzisoma.

Na kila Novemba tunaona kwenye simu zetu picha za Delhi imemezwa na moshi wa mabua ya mpunga yanayochomwa mashambani Punjab na Haryana. Huko mabua hayachomwi jikoni. Sheria ya Punjab ya 2009 ya kulinda maji ya ardhini ilisogeza mbele tarehe ya kupandikiza mpunga, mavuno yakachelewa, na mkulima akabaki na siku chache za kusafisha shamba kabla ya ngano. Kibiriti ndicho rahisi. Moshi huo unafika mpaka Mahakama ya Juu, kwa sababu unafika mpaka madirishani mwa majaji.

Moshi wa Kukhu ulipanda futi saba, ukagonga mabati, ukarudi.

*

Kwa pesa ya sensa nilimnunulia mtungi wa gesi wa kilo 6 na meko yake. Nilijihisi shujaa. Niliubeba kwa bodaboda kutoka sokoni, nikamwonyesha jinsi ya kuwasha, akaruka nyuma, akacheka. Wiki ile ya kwanza alipika chai bila kukohoa, nikapiga picha, nikaweka kwenye status.

Ilikuwa gesi ya wageni. Ilipokwisha, kuijaza ilikuwa safari ya sokoni na pesa taslimu kwa mkupuo, na mabua hayaulizi pesa. Serikali ilikuwa imeondoa ushuru wa VAT kwenye gesi ya kupikia mwaka 2016. Julai 2021 ikaurudisha, asilimia 16, na kufikia 2022 mtungi wa kilo 13 ulikuwa umepita shilingi 3,000. Mwaka huohuo ushuru ukapunguzwa hadi 8, na 2023 ukaondolewa tena. Mabadiliko manne ndani ya miaka saba. Sisi tulio kwenye bedsita za Nairobi tulilalamika Twitter na tukaendelea kujaza. Kukhu aliuweka mtungi kona ya sebule, akautandikia kitambaa cha kufuma, akauwekea redio juu yake.

Alifariki Novemba 2022. Kwenye matanga wanawake walipika kwa siku nne, na siku hizo nne mikaratusi iliyobaki ilikatwa bila mtu kuuliza bei. Kuni zilikuwa tele. Nilizitazama zikiwaka nikakumbuka alivyosema, labda serikali ikiona zimeandikwa itazileta.

Jikoni mle sasa anapika shangazi yangu, na mgongoni ana mjukuu wa miezi minane. Mwezi uliopita nilikwenda nikiwa na futi, kalamu na fundi. Tumefungua dirisha la pili, tumeinua sehemu ya paa ili moshi utoke, na fundi anajenga jiko la udongo lenye bomba. Ni kitu kidogo, na mabua bado ni mabua. Shangazi aliniuliza ninaandika nini. Nikamwambia naandika urefu wa ukuta.

Sensa ijayo, ratiba ya miaka kumi isipobadilika, ni 2029. Sidhani nitaomba kazi. Lakini karani atakayefika boma hilo atauliza swali lilelile, na ningependa shangazi akitoa jibu, liwe na mahali pa kukaa. Kwa sasa nimelipatia mahali hapa. Agosti 2019, boma la tano, swali la jiko. Mhojiwa alisema mabua.